Piza ya Chicago mliyoihukumu si ile tunayoila

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako nimjibu mwandishi wenu wa mambo ya chakula, aliyeandika wiki mbili zilizopita kwamba ubishi wa piza kati ya New York na Chicago umeshakwisha na New York ndiyo imeshinda. Makala yake nimepitia mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kimya kimya, mara ya pili nikamsomea mke wangu, na mara ya tatu nilisomewa kwa simu na shemeji yangu, kaka yake mke wangu, anayeishi Brooklyn, New York. Alisoma taratibu, akirudia yale maneno yaliyompendeza. Alipomaliza akasema, "Shemeji, sasa hata gazeti limekwambia." Nikaona nisipojibu nitakuwa nimekubali.

Sisemi haya kama mlaji tu. Nimefanya kazi miaka 14 katika jiko la piza upande wa kusini wa Chicago. Nilianza kwa kuosha trei, nikahamishiwa kwenye meza ya unga, na miaka 6 ya mwisho nilisimama mbele ya oveni. Najua kila mwamba ngozi huvutia kwake, na mimi navutia Chicago bila kuficha. Lakini anayevuta ngozi sharti kwanza aishike ngozi yenyewe, na mwandishi wenu ameshika nyingine.

Alichofanya ni kuchukua kipande cha New York, kile ambacho mtu wa New York hula akitoka kazini, akakishindanisha na piza nene ya Chicago, ile ya trei yenye kina, ambayo mtu wa Chicago huila akiwa na mgeni. Hapo amelinganisha nguo ya kazi ya mmoja na nguo ya sikukuu ya mwingine, kisha akashangaa kwamba nguo ya sikukuu haifai kufanyia kazi.

Piza nene ina heshima yake na sitaikana. Ilianza mwaka 1943 pale Pizzeria Uno, kwenye kona ya barabara za Ohio na Wabash, kwa Ike Sewell na Ric Riccardo. Nani hasa alibuni mapishi yenyewe, watu wa Chicago wanabishania hadi leo. Unga wake una mafuta mengi na haukandwi sana, ndiyo maana ukiuma unameguka kama biskuti. Unatandazwa kwa vidole ndani ya trei ya duara na kupandishwa ukutani. Jibini inatangulia chini kabisa, soseji inafuata, nyanya zinakuja mwisho. Mwandishi wenu ameona fujo hapo, kana kwamba mpishi alisahau utaratibu. Laiti angeuliza! Piza hiyo hukaa ovenini nusu saa na zaidi. Jibini ikikaa juu muda wote huo itaungua kabla unga wa chini haujaiva. Nyanya zina maji, zinastahimili moto, na ndizo zinazoifunika jibini isiungue. Mpangilio ule una akili ndani yake.

Ila si chakula cha kila siku. Mimi huila labda mara 2 kwa mwaka, na mara zote kuna mgeni mezani. Ni nzito, inasubiriwa muda mrefu, na haivumilii safari. Hili la safari nalijua kwa uchungu. Kuna mwaka mke wangu alimtumia kaka yake piza nene iliyogandishwa, kwa ndege. Mzigo ukachelewa, ukafika Brooklyn jioni ukiwa umeyeyuka nusu. Shemeji alikuwa ametoka kazini na njaa yake, akaikata akaitia kwenye maikrowevu. Ganda likalowa likawa kama boksi lililonyeshewa mvua, jibini ikakaza. Akanipigia simu kunipa hukumu: "Shemeji, chakula ni kizuri, lakini hiki si piza." Antonin Scalia, yule jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani aliyekulia Queens, New York, naye aliwahi kusema karibu hivyo hivyo, kwamba piza ya Chicago ni tamu ila isiitwe piza. Shemeji alipogundua kwamba jaji yuko upande wake, kesi kwake ikafungwa. Mimi namwambia kila siku kwamba shahidi aliyemsikiliza ni maikrowevu.

Sasa niseme juu ya piza tunayoila sisi. Ni nyembamba. Ni nyembamba kuliko ya New York, na inakauka hadi kulia mdomoni. Inaitwa piza ya baa, kwa sababu ilikulia kwenye baa za mitaa ya wafanyakazi baada ya marufuku ya pombe kuondolewa nchini Marekani mwaka 1933. Wazee wa kazi walinisimulia kwamba wenye baa walitaka kitu chenye chumvi kitakachomfanya mteja aagize glasi nyingine, kitu kisichohitaji sahani wala uma. Ndiyo maana piza ile ya duara haikatwi pembetatu. Inakatwa miraba midogo midogo. Kipande kimoja kinashikwa kwa vidole viwili kikiwa juu ya karatasi ya tishu, na mkono wa pili unabaki na glasi. Ukikata duara kwa miraba, pembezoni unapata vipembe vidogo 4 visivyofanana na vingine, vimeiva zaidi, vinavunjika ukivigusa. Katika kila meza niliyowahi kuihudumia yenye watoto, vile vipembe vilikwisha kwanza.

Nieleze tunavyoipika, maana makala yenu ilisema Chicago wanategemea wingi wa jibini kuficha uvivu. Unga unasukumwa hadi unakuwa kama kitambaa, lakini hauendi ovenini siku hiyo. Tulikuwa tunaupanga duara juu ya duara, karatasi katikati ya kila moja, tunauweka kwenye friji usiku kucha, mara nyingine hata siku 2, ili ukauke juu. Asubuhi ukipitisha kiganja unahisi ugumu kidogo, kama ngozi iliyoanikwa. Ukikosa subira ukautumia ukiwa laini, utapata mkate tu. Rojo la nyanya linapakwa jembamba. Soseji inawekwa mbichi, imechanganywa na mbegu za shamari. Unachota nyama kwa mkono mmoja, unaiminya kati ya gumba na kidole cha shahada, kinatoka kitonge ukubwa wa gololi, unakidondosha, unaminya kingine. Vitonge vinafika hadi pembezoni kabisa, maana piza hii haina ukingo mtupu wa kushikia. Nyama ikiiva mafuta yake yanashuka kwenye jibini na kwenye unga, na ladha ya soseji unaikuta hata kwenye kipande ambacho hakikupata kitonge.

Mzee aliyenifundisha oveni hakuwa akiamini saa. Alikuwa akisikiliza. Piza ikitoka, anachukua kisu kirefu kilichopinda, cha kushika kwa mikono miwili, anakilaza juu yake na kukikandamiza upande huu hadi upande ule. Ganda linatakiwa lilie kuanzia mwanzo hadi mwisho. Likilia nusu likanyamaza katikati, anajua katikati hakujakauka, na piza inayofuata anaiongezea dakika. Nilisimama kando yake karibu miezi 7 kabla sijaanza kusikia tofauti, na siku niliyoisikia mwenyewe bila kuambiwa, naikumbuka kama leo. Huo ndio uvivu wetu.

Nisije nikaonekana siipendi New York. Shemeji ni shahidi. Nilipomtembelea mara ya kwanza, yeye ni dereva wa basi, alitoka zamu karibu saa sita usiku akanipeleka kwenye kiduka kisicho na kiti hata kimoja. Kipande kikubwa kilichokuwa kimetulia nyuma ya kioo kikarudishwa ovenini dakika 2 hivi, kikaletwa kwenye sahani ya karatasi. Nikataka kukianza kwenye ncha kikiwa kimelala, ncha ikaanguka. Shemeji akanishika mkono: kidole cha shahada katikati ya ukingo, gumba huku, cha kati kule, bana. Kipande kikasimama wima kama mtumbwi. Mafuta ya rangi ya chungwa yakateremka kwenye ule mfereji hadi kwenye sahani, na ganda la chini likapasuka kidogo tu mahali pa mkunjo bila kukatika. Nilikula vipande 2 nimesimama kando ya barabara, baridi inanipiga masikioni, na cha tatu nilikitaka. Kwa mtu mmoja, usiku wa manane, mwenye njaa na asiye na muda, sijaona piza ya kuishinda hiyo, na Chicago haina jibu. Hilo nalisema waziwazi.

Lakini mwandishi wenu akaenda mbali zaidi. Alisema New York ni mtoto halali wa Napoli, mji wa Italia ilikotokea piza, na Chicago ni mtoto wa kuokota. Hapo ndipo damu ilipopanda. Lombardi's ya Spring Street, inayohesabiwa na wengi kuwa duka la kwanza la piza Marekani, mwaka wake ni 1905, na ilipika kwa makaa ya mawe, wakati Napoli inapika kwa kuni. Kipande hiki cha kukunja tunachokisifu leo kimetokana na oveni za gesi zilizokuja baadaye. Moto wake ni mdogo kuliko wa makaa, piza inakaa zaidi, inakauka zaidi, na ndiyo maana inaweza kungoja nyuma ya kioo na kurudishwa ovenini bila kuharibika. Mkifuata kanuni za chama cha piza halisi ya Napoli kilichoundwa mwaka 1984, piza haitakiwi kuzidi upana wa sentimita 35, iive kwa sekunde 60 hadi 90 kwenye oveni ya kuni yenye joto la nyuzi 485 hivi, na katikati ibaki laini na majimaji. Kipande cha shemeji kinashindwa mtihani huo kwenye upana, kinashindwa kwenye moto, kinashindwa kwenye muda. Ukikiacha majimaji katikati hakikunjiki. Basi kama uhalali ni kufanana na mzazi, sote wawili tumeokotwa, nasi hatuna sababu ya kuona aibu.

Na kama kweli New York wanataka kumfuata mzazi, wangemwacha Bill de Blasio, aliyekuwa meya wao, ale kwa amani. Januari 2014, akiwa na siku chache tu kwenye umeya, alionekana Staten Island akila piza kwa kisu na uma. Mji mzima ukamshukia! Naye akajieleza kwamba katika nchi ya mababu zake, Italia, ndivyo watu wanavyokula. Alisema kweli, na piza yenye katikati laini inadai kisu. Waliomlaumu nao walikuwa na haki yao, kwa sababu piza ya New York imejengwa kwa mkono. Mimi nilimtetea shemeji siku hiyo, nikamwambia chakula kikishakuwa na namna yake ya kushikwa, mgeni aifuate. Namwomba mwandishi wenu aitumie heshima hiyo hiyo Chicago. Anayetaka kukunja piza nene kwa mkono halafu anailaumu kwamba haikunjiki, amefanya kosa la meya, ila kwa upande wa pili.

Makala ile iliisahau pia miji mingine, kana kwamba Marekani nzima ina majiko mawili. New Haven kuna Frank Pepe ya Wooster Street, tangu 1925, wanaopika kwa makaa hadi ganda linatoka madoa meusi. Huko ukiagiza piza ya kawaida unaletewa nyanya na jibini ngumu kidogo iliyokunwa juu. Mozarela, ile jibini laini ya kawaida ya piza, lazima uitaje. Nimekula huko mara moja tu, na ganda lile bado liko mdomoni mwangu.

Na Detroit! Duka la Buddy's lilianza piza ya mstatili mwaka 1946, kwenye trei za chuma cha samawati ambazo zinasimuliwa kuwa zilitoka viwanda vya magari, za kuwekea vipuri. Jibini inasukumwa hadi igusane na ukuta wa trei, inayeyuka, inashuka ubavuni, inaungua kwa adabu mpaka inakuwa ukoko wa kahawia. Hakuna neno linaloieleza vizuri kuliko ukoko. Mtu anayejua kugombea ukoko nyumbani kwao hahitaji kuelezwa kwa nini watu wa Detroit hugombea vipande vya pembe. Kama siku moja nitalazimishwa kuipa kura piza isiyo ya Chicago, na shemeji asisome hapa, kura itakwenda Detroit.

Ubishi huu si mgeni na wala sitaki uishe. Novemba 2013 baraza la majengo marefu, ambalo makao yake yako Chicago hapa hapa, liliamua kwamba One World Trade Center ya New York ni refu kuliko Willis Tower ya kwetu. Tulipoteza jengo refu kuliko yote Marekani kwa uamuzi uliotoka mjini kwetu wenyewe. Jon Stewart, mchekeshaji wa runinga wa New York, hakuridhika na jengo. Akahamia kwenye piza yetu nene akaishambulia hadi mate yakamkauka. Jikoni kwetu tuliiangalia ile video kwenye simu ya mwenzetu mmoja, tumekusanyika karibu na mashine ya kusukumia unga, aproni zote nyeupe kwa unga. Tulicheka sana. Kisha yule mzee wa oveni akauliza swali moja: "Kwani amekula ya kwetu?" Alikuwa na maana ya hii nyembamba. Hakuna aliyejibu, tukarudi kazini, maana ilikuwa Ijumaa jioni na oda zilikuwa zimejaa ukutani.

Swali hilo ndilo ninalomrudishia mwandishi wenu, bila ugomvi. Akija Chicago asiishie katikati ya mji kwenye foleni za wageni. Apande treni aende upande wa kusini, aingie baa yoyote ya zamani yenye oveni nyuma, aagize nyembamba ya soseji, iliyookwa vizuri, na aile pale pale mezani. Asiibebe. Ikikaa ndani ya boksi dakika 20 mvuke unailainisha, na hapo atakuwa amekula boksi. Aanze na kipembe. Halafu aandike tena, na akisema bado New York imeshinda, nitaheshimu kalamu yake, kwa kuwa safari hii atakuwa amepima kitu kwa kitu.

Shemeji ameshafanya safari hiyo. Alikuja kututembelea msimu wa baridi uliopita, nikampeleka jiko langu la zamani. Kipande cha kwanza alijaribu kukikunja, kikavunjika katikati, akakitazama. Cha pili akakiingiza chote mdomoni. Baada ya hapo hakuzungumza kwa muda mrefu, na anayemfahamu shemeji yangu anajua hilo ni jambo zito. Tulipotoka nikamuuliza, "Vipi, shemeji?" Akaniambia, "Ni biskuti nzuri." Hadi leo kwenye simu ndiyo kauli yake, biskuti nzuri, na makala yenu imempa nguvu mpya. Gazeti hili analisoma kila wiki, kwa hiyo naomba barua hii mwichape pamoja na maelezo haya: kabla ya kwenda uwanja wa ndege aliomba tishu, akafunga vipembe viwili, akavitia mfuko wa ndani wa koti lake, na mke wangu alimwona.

Msomaji wenu,
Chicago, Marekani